VITABU VITATU VINAVYOSIMULIA WATU KAMA WALIVYO

Askari apatapo barua ya uhamisho, maneno humtangulia huko aendako. Lori halijapakiwa magodoro na masufuria, na tayari wenzake kambini wamekwisha kumweleza tabia za watu wa wilaya ile: hawa ni wakali, wale ni wachawi, wengine hawapendi kulima. Mkewe naye ameyasikia hayo hayo penye bomba la maji, na watoto wameyasikia kwa watoto wenzao. Familia hiyo inapofika ugenini, huwa imebeba picha ya wenyeji iliyochorwa na watu wengine. Aghalabu mchoraji wa picha hiyo hakupata kula hata mlo mmoja katika nyumba za wale aliowachora.

Hadithi zilizomo vitabuni zaweza kufanya kazi hiyo hiyo, kwa wema au kwa ubaya. Kitabu huingia nyumbani, huchukua jioni kadhaa, na kikimalizika msomaji huamini kwamba sasa amewajua Waigbo, Waacholi au Wakerewe. Je, amewajua kweli?

Wataalamu wa fasihi huita uhalisia ule uandishi unaojitahidi kueleza maisha kama yalivyo, bila kuyapaka rangi wala matope. Kusimulia mila za watu kwa njia hiyo si kazi nyepesi, kwani mwandishi huvutwa na pande mbili. Upande mmoja ni dharau ya mgeni, na upande wa pili ni majivuno ya mwenyeji atakaye kuficha aibu za kwao. Viko vitabu vitatu vya Waafrika, vyote vimepata kutolewa kwa Kiswahili, ambavyo vyamwonyesha msomaji jinsi waandishi hodari walivyopita katikati ya pande hizo. Navyo ni Shujaa Okonkwo, Wimbo wa Lawino, na hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

KARANI ALIYEWAUDHI WANAFUNZI

Habari ya kitabu cha kwanza huanzia katika kitabu kingine, kilichoandikwa na mgeni. Joyce Cary, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Nigeria. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Kamerun pamoja na kikosi cha Nigeria hata akajeruhiwa, kisha akawa bwana shauri katika wilaya za kaskazini. Mwaka 1939, alipokuwa amekwisha kurudi Uingereza miaka mingi, alitoa riwaya iitwayo Mister Johnson.

Johnson ni karani kijana wa Kiafrika katika kituo kidogo cha serikali. Ni mcheshi, ni mwingi wa madeni, na huita Uingereza kwao ingawa hajapata kuiona. Huchezea fedha za serikali, mwishowe huua mtu, na bwana mkubwa wake, ambaye yeye Johnson humpenda mno, ndiye ampigaye risasi kwa ombi la Johnson mwenyewe. Mwaka 1952 gazeti la Time la Marekani lilikisifu kitabu hicho kuwa riwaya bora kupita zote zilizoandikwa juu ya Afrika.

Katika miaka hiyo hiyo kitabu hicho kilisomeshwa katika Chuo Kikuu cha Ibadan, mbele ya vijana wa Nigeria wenyewe. Chinua Achebe, aliyekuwa mmoja wao, alisimulia baadaye kwamba mwanafunzi mmoja alimwambia mwalimu wao Mwingereza kuwa mahali pekee palipomfurahisha katika kitabu kizima ni pale Johnson alipopigwa risasi. Mwalimu alishangaa. Wanafunzi walikuwa wakitazama picha ambayo wao, wazazi wao na makarani wote waliowajua hawakuonekana ndani yake hata kidogo.

Yafaa kumtendea Cary haki. Hakuwa mtu aliyeandika juu ya nchi aliyoisikia tu, kwani alikaa huko miaka na kuumia huko. Lakini aliitazama nchi kutoka baraza la ofisi. Watu hufika barazani kwa kodi, kwa kesi au kuomba kazi, na kila mmoja huja amekwisha kuvaa uso wa kumwonyesha mkubwa. Mtu aketiye hapo miaka kumi huona nyuso nyingi sana, na bado hajui ni nani aliyelia usiku uliopita katika nyumba ya pili.

OKONKWO NA AIBU ZA KWAO

Achebe alizaliwa Ogidi, mashariki ya Nigeria, mwaka 1930, na baba yake alikuwa mwalimu wa dini wa misheni. Jibu lake kwa vitabu vya namna ile lilitolewa London mwaka 1958 kwa jina la Things Fall Apart. Mwaka 1973 Clement Ndulute alikifasiri kwa Kiswahili, kikaitwa Shujaa Okonkwo.

Kijiji cha Umuofia kilichomo kitabuni kina sheria, heshima na mizaha yake. Mgeni hukaribishwa kwa kola. Viazi vikuu hulimwa kwa kufuata majira, na kwavyo mwanamume hupimwa. Baba wa binti na wakwe zake hupatana mahari kwa kupokezana fungu la vijiti, hawa wakipunguza na wale wakiongeza, mpaka wote wakaridhika bila kelele za sokoni. Msomaji wa Gulu au Mbarara hahitaji kuelezwa maana ya hayo. Vijiti vyaweza kuwa vigeni kwake, lakini adabu ya kupatana mahari aijua tangu utotoni.

Hata hivyo, Achebe hakuandika ili awasifu watu wake tu. Okonkwo anampiga mke wake mdogo katika Juma la Amani, wakati ambapo hata neno kali limekatazwa, kwa sababu bibi huyo alikwenda kusukwa nywele akachelewa kupika. Wanakijiji wenyewe wanamhukumu, naye anatozwa mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100. Watoto pacha wanatupwa msituni. Mvulana Ikemefuna, aliyelelewa nyumbani mwa Okonkwo miaka 3 na kumwita baba, anauawa kwa amri ya mizimu. Okonkwo mwenyewe anashika panga katika tendo hilo, kwa kuogopa kuitwa mnyonge, ingawa mzee wa heshima alikuwa amemwonya asitie mkono wake.

Mwandishi angaliweza kuyaficha hayo. Asingalilaumiwa na wenzake, maana mwaka 1958 Nigeria ilikuwa ikikaribia uhuru, na watu walitamani kusikia sifa zao. Lakini ukimficha Ikemefuna, huwezi tena kueleza kwa nini Nwoye, mwana wa Okonkwo, aliwafuata wamisheni. Kijana huyo aliondoka kwa sababu alikuwa na maswali ambayo nyumbani hakuna aliyemjibu. Aibu ile iliyoandikwa wazi ndiyo inayomfanya msomaji aamini na mazuri yote yaliyoandikwa kando yake.

WATUMISHI WA MAHAKAMA NA MIFUKO 50

Iko sehemu ya kitabu hicho ambayo yapasa isomwe katika kila kituo cha polisi. Serikali ya kigeni inapoingia Umuofia, inaleta watumishi wa mahakama kutoka Umuru, mji ulio mbali kando ya mto mkubwa. Hao ni Waafrika, lakini hapo ni wageni, na wenyeji wanawachukia kwa kiburi chao. Wazee 6 wa kijiji wanaitwa kwa Bwana Wilaya kwa maneno matamu, kisha wanafungwa pingu. Bwana Wilaya anaamuru kijiji kilipe mifuko 200 ya kauri ndipo waachiwe. Anawaagiza watumishi wake wawatendee wazee hao kwa heshima. Mara tu anapoondoka, watumishi wanawanyoa wazee vichwa, wanawagonganisha na kuwacheka. Kisha wanakwenda kijijini na kutangaza kwamba faini ni mifuko 250. Hiyo 50 ni yao wenyewe.

Bwana Wilaya hajui habari ya mifuko hiyo, wala hana njia ya kuijua. Lugha ya watu haijui, nyumba zao hajaziingia, na kila neno limfikialo limepita kwanza katika vinywa vya watu wale wale wanaoiba. Kijiji chote chaijua siri hiyo, na mkubwa peke yake ndiye hajui. Baadaye Okonkwo anamuua mkuu wa watumishi hao kwa panga na kujinyonga mwenyewe. Bwana Wilaya, akitazama maiti, anawaza kitabu anachotaka kuandika juu ya kutuliza makabila ya huko. Anaona kwamba habari ya mtu huyo yaweza kujaza aya moja nzuri.

Msomaji amekwisha kusoma kitabu kizima juu ya maisha ya Okonkwo, na sasa anaona maisha hayo yakikatwa yawe aya moja. Kwa hiyo riwaya za namna ya Mister Johnson zinapata jibu lake hapo bila kutajwa majina.

WIMBO WA MKE ALIYEDHARAULIWA

Kitabu cha pili chatoka kaskazini ya Uganda. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931, akasoma ualimu Mbarara, akafundisha shule, na pia akawa mchezaji hodari wa kandanda. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya Uganda, akabaki huko kusoma ualimu, sheria, na hatimaye elimu ya mila za watu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Oxford alikasirishwa na walimu waliowaita Waafrika washenzi darasani. Aliutunga Wimbo wa Lawino kwa Kiacholi, akautia mwenyewe katika Kiingereza, nao ukatolewa Nairobi mwaka 1966. Paul Sozigwa aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Okot alifariki mwaka 1982, akiwa amerejea Makerere.

Msemaji ni Lawino, mke asiyesoma. Mumewe Ocol amesoma, amemchukua mwanamke wa mjini aitwaye Clementine, na sasa anawatukana Waacholi wote kwa kumtukana mkewe. Lawino hakatai kwamba mume aweza kuoa mke wa pili. Kinachomchoma ni kudharauliwa. Wala hawalaumu wageni kwa kufuata mila zao. Anauliza tu kwa nini mumewe adharau za kwao.

Mama wa nyumbani atafurahia sana sura zihusuzo jiko. Lawino anaeleza nyumba ya mama yake, mawe ya kusagia, vyungu, na kuni za miti mbalimbali, kila mti na moto wake. Kisha anakiri kwamba jiko la Primus lamtisha. Saa ya ukutani nayo haimwelei, na Ocol hufoka kwa ajili hiyo. Lakini yeye anajua wakati wa jogoo kuwika na wakati jua linapochoma mgongo wa mkulima, na mtoto hunyonya anapolia. Desturi ikielezwa hivyo, kwa mkono wa mtu aishikaye kila siku, msomaji haioni tena kuwa kioja.

Uhalisia wa Okot una upande mwingine ambao wasomaji wengi huusahau. Lawino ni mke mwenye wivu, na ulimi wake ni mkali kama wembe. Anamcheka Clementine kwa wembamba wake na kwa rangi za usoni. Akisifu ya kwao husifu yote, na akicheka ya wageni hucheka yote. Okot hakusema kwamba huyo ni Uacholi mzima. Mwaka 1970 alitoa Wimbo wa Ocol, mume naye akapewa nafasi ya kusema, na hasira yake dhidi ya Afrika inatisha. Kila mmoja anajifunua tabia kwa maneno yake mwenyewe.

Okot alisimulia pia tukio moja lifaalo kukumbukwa na kila mtu aulizaye maswali kwa kazi. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri, kwa hiyo swali likageuka: nani aliwafinyanga? Wazee walisema watu huzaliwa na mama zao. Mapadri hawakuridhika, wakazidi kuuliza. Ndipo mzee mmoja alipokumbuka kwamba wako watu wafinyangwao mpaka umbo likapotea, nao ni wale wenye ugonjwa wa uti wa mgongo uletao kibyongo. Pepo afanyaye hivyo huitwa Rubanga. Mapadri wakaandika jibu, na jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu. Hakuna aliyesema uongo hapo. Swali lilikuwa limekwisha kubeba jibu lake, kama yale maswali ya upelelezi yanayomlazimisha shahidi kutaja chochote ili aachiwe kwenda zake.

MZEE WA UKEREWE

Kitabu cha tatu kimetoka kisiwani Ukerewe, katika ziwa lile lile ambalo maji yake yafika Entebbe na Kisumu. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisheni wa Kikatoliki. Aliona mila za kale zikipotea pamoja na wazee, akaandika riwaya kubwa kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuichapa katika lugha ya watu wachache kiasi hicho. Mzee huyo akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, katika vitabu viwili. Miaka 35 ilikuwa imepita. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wapendanao ambao hawajapata mtoto. Ndugu za Myombekere wanamsimanga Bugonoka, hata wazazi wake wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anakataa kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, naye anahangaika huku na huko mpaka aipate. Kisha wawili hao wanatafuta mganga, na baada ya taabu ndefu wanazaliwa Ntulanalwo, mwana wa kiume, na Bulihwali, binti.

Katika safari hiyo Kitereza anaeleza karibu kila kazi ya Mkerewe wa kale: kulima, kujenga, kuvua, kupika pombe, kuamkiana, kuuguza, kuzalisha, kuzika. Msomaji aliyezoea hadithi za wapelelezi ataona mwendo ni wa kobe. Avumilie. Pombe ya ndizi haielezwi kwa ajili ya mtalii. Mume ameahidi pombe hiyo ili mkewe arudi, kwa hiyo ndizi zikiharibika, ndoa yaweza kuharibika nazo. Kila hatua ya kazi ina moyo wa mtu ndani yake, na hiyo ndiyo siri ya kuandika mila zikawa hai.

Kitereza naye hakuficha ukatili. Masimango dhidi ya mwanamke asiyezaa yameandikwa kama yalivyotamkwa, na yangali yakisikika katika nyumba nyingi, za kambini na za raia. Mtu akisoma jinsi yalivyomwumiza Bugonoka atapata kuyapima yale ambayo yeye mwenyewe amepata kumwambia shemeji yake.

JE, MGENI HAWEZI KUANDIKA?

Wako wasemao kwamba mila za watu ziandikwe na wenyeji tu. Mfano wa Barbara Kimenye unapinga neno hilo. Bibi huyo alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaja Afrika Mashariki kwa ndoa, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka mjini Kampala. Hadithi zake za kijiji cha Kalasanda, zilizotolewa mwaka 1965 na 1966, zawaeleza Waganda wa kawaida, fitina zao na ukarimu wao, kwa mzaha usio na sumu. Alifika akiwa mgeni, lakini alikaa na watu, akacheka nao. Cary pia alikaa, lakini kiti chake kilikuwa barazani.

Tena kuzaliwa mahali hakutoshi. Vitabu hivi vitatu vyote vimeandikwa na wanaume, hata ule wimbo usemwao na mke. Wake za Okonkwo wanapika, wanazaa na kupigwa, lakini mawazo yao twayasikia kidogo sana. Mwaka 1966 Flora Nwapa, mwanamke wa Kiigbo, alitoa kitabu chake Efuru, chenye wanawake wafanyao biashara, wanaokopeshana, wanaoamua ndoa na talaka zao. Ni Waigbo wale wale, wakitazamwa kutoka upande wa pili wa ua.

Basi msomaji afunguapo kitabu kisimuliacho watu asiowajua, na ajiulize maswali machache. Je, watu hao wana kazi za kila siku, au kazi yao ni ngoma na vita tu? Je, hugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya lililo jema, au wote wana wazo moja kama kundi la kondoo? Je, mwandishi amethubutu kutaja kosa la watu awapendao, na wema wa wale asiowapenda? Kitabu kikishindwa katika hayo, hata kama kimeandikwa na mwenyeji, picha yake ina kasoro.

Maswali hayo yafaa pia kwa maneno yasemwayo kambini juu ya watu wa wilaya nyingine. Askari aendaye kulinda watu asiowajua hutegemea mkalimani, mpasha habari na uvumi, kama Bwana Wilaya wa Umuofia. Njia ya kujiponya yajulikana: kujifunza salamu za mahali, kukubali kiti akikaribishwa, kumwacha mkewe ajifunze mapishi ya jirani, na watoto wacheze na watoto wa kijiji. Na hapo wazee wenyeji wakianza kusimulia ya kale, ni vema mmoja katika nyumba ashike kalamu na daftari, aandike lugha wanayosema na jinsi wanavyosema, pamoja na yale wanayoyaonea haya. Kitereza alianza hivyo, kisiwani, bila mchapaji wala ahadi ya malipo.